Baiskeli Aliyonichagulia Baba Mkwe

Jina lake silitaji. Sijalisahau, wala sina haja ya kumsitiri. Kwetu Unyakyusani mke wa mtu halitamki jina la baba mkwe wake, hamwangalii usoni, hali chakula naye, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayeingia majanini mpaka mzee apite. Wengi wameuacha mwiko huo. Majirani zetu pale Ipinda hula meza moja na wakwe zao, hutaniana nao, huazimana chaja za simu. Mimi nilipata baba mkwe ambaye hakuuacha, wakati watu wote wa nyumbani kwake walikuwa wameshauchoka.

Kwa hiyo hii ni picha ya mtu niliyemfahamu kwa nyuma. Miaka yote niliyokaa kwake, kabla mume wangu hajatujengea kwetu, nilimjua kwa shingo, kwa visigino vyake vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi, kwa kofia ya pama iliyokuwa imepoteza rangi lakini haijapoteza heshima. Niliijua sauti yake kupita ukutani. Niliujua mwendo wake kwa jinsi kuku walivyompisha. Ningeweza kumtofautisha na wazee wote wa kata ile wakiwa wamenipa migongo, na ningeshindwa kabisa kama wangegeuka.

Zaidi ya yote nilikijua kikohozi chake. Hakuwahi kutoka mlangoni bila kukohoa kwanza, ili nisikie nijifiche. Ninapepeta mchele uani, kikohozi. Nanyanyuka na ungo wangu, nakwenda nyuma ya jiko. Nimeinjika ndizi, kikohozi. Ndizi zinaungua mimi nikiwa nimekodolea macho ukuta wa tofali. Mvua za huku hazina adabu, zinaweza kunyesha tangu asubuhi mpaka ziwa na mbingu vionekane kitu kimoja, na mimi nimesimama nje ya paa kwa sababu mzee ameamua kutafuta jembe lake taratibu. Msimu alioumwa kifua nilikaribia kuhamishia kitanda nyuma ya jiko. Alikuwa anakohoa kweli, amelala ndani, na mimi kila akikohoa naruka.

"Huyo anaumwa tu, mwanangu," mama mkwe alinipigia kelele. "Rudi umalize kuosha vyombo!"

"Nitajuaje, Mama?"

"Cha kuumwa hakina mwisho. Cha kutoka kina mwisho."

Mama mkwe ndiye aliyekuwa daraja letu. Maneno yote ya mzee kwangu yalipita kwake, na yangu kwake vilevile, hata tukiwa tumetenganishwa na mlango wa pazia na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa. "Mwambie mama yake Lusajo chumvi imezidi." Mama mkwe ananigeukia: "Anasema chumvi imezidi." Nami nasema, "Mwambie Baba nimesikia." Naye, "Anasema amesikia." Lusajo, mwanangu, alipoanza kuongea alidhani hivyo ndivyo watu wote huzungumza, akawa anamtuma paka kwa kuku.

Kilichonichosha si mwiko wenyewe. Ni kwamba mzee huyo alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na hakuna mtu mwenye maoni mengi anayepaswa kuwekewa mkalimani. Mama mkwe alikuwa anapunguza. Hotuba ya robo saa juu ya namna ya kuanika kakao ilinifikia ikiwa imebaki, "Anasema igeuze." Naye mzee kule ndani anasikia hotuba yake imechinjwa, anaanza upya.

Na hakuwa mtu mgumu, ndiyo maana hasira zangu hazikuwahi kupata pa kukaa. Kanisani alikuwa mzee wa usharika, na mchungaji alipohubiri kwamba wakwe ni wana na binti, aliitikia amina iliyosikika mpaka barabarani, kisha akarudi nyumbani akakohoa. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyetembea mpaka Bujonde kunitafutia ndizi za aina niliyoitamani, akaziacha nje ya dirisha langu na kuondoka haraka kama mwizi. Watu wa ukoo walipouliza kwa nini mkamwana afanye kazi ya kufundisha badala ya kushinda shambani, aliwajibu kwamba mpunga haujawahi kumfundisha mtoto wa mtu kusoma. Hayo nayo niliyasikia kwa nyuma ya jiko.

Sasa nije kwenye baiskeli.

Baba mkwe alikuwa na baiskeli nyeusi ya mizigo aliyoinunua Karonga enzi za ujana wake, alipokuwa akivuka mpaka kwenda kwa kaka yake aliyeoa upande wa Malawi. Baiskeli hiyo ilibeba magunia, mikungu ya ndizi, bati, jeneza mara moja, na mama mkwe alipokuwa bibi harusi. Ilibeba vyungu. Vyungu vya Ikombe vinafinyangwa na akina mama kwa mikono, vinaletwa Matema kwa mtumbwi, na kutoka hapo vinahitaji mtu wa kuvifikisha huku bila kuvivunja. Mzee alivifunga kwenye keria kwa majani makavu ya migomba, akaviendesha katika barabara ile ya mawe kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Alidai hakuwahi kuvunja hata kimoja. Mama mkwe aliuliza kuku wetu wanakunywa maji katika nini, kama si katika nusu ya chungu chake.

Kutokana na historia hiyo alikuwa na imani kuhusu baiskeli kama watu wengine wanavyokuwa na imani kuhusu dawa. Baiskeli ni keria, alisema, mengine ni mapambo. Kitu kinachobonyea kitakuja kuvunjika. Rangi inayong'aa inaficha fremu inayolia. Mtu akinunua baiskeli asiulize inakimbiaje, aulize inasimamaje. Na gia, kwake, zilikuwa ni njia ya kumlipisha mtu kwa uvivu wa miguu yake mwenyewe.

Lakini mimi nilihitaji gia. Nilikuwa nimepata mkataba wa kufundisha katika sekondari iliyo mlimani, juu ya mashamba ya kakao, mahali ambapo barabara inaacha kujifanya barabara. Bodaboda ilikula mshahara kabla haujafika mkononi. Nilijaribu kwa miguu, nikawa nafika vipindi vimeanza, viatu vyangu vikiwa na udongo mwekundu mpaka kwenye kamba. Mwalimu mkuu, mama mpole anayesema mambo makali kwa upole uleule, aliniita ofisini.

"Mwalimu, mimi nakupenda," alisema. "Watoto wanakupenda. Lakini kuna kijana amekaa na cheti chake anasubiri nafasi, na anaishi hapahapa juu. Ukiendelea kuchelewa sitaweza kukutetea."

Nikaamua kununua baiskeli ya milimani, yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeweka fedha za mpunga wangu wa msimu mmoja. Hazikutosha. Mume wangu alikuwa safarini na lori, kama alivyokuwa safarini kila kilipotokea kitu. Nikamweleza mama mkwe, na mama mkwe akamweleza mzee, na mzee, bila hata kunung'unika, akaongezea kutoka kwenye kakao yake. Nililia kwa furaha nyuma ya jiko. Kisha nikasikia sauti kupita ukutani:

"Mwambie mama yake Lusajo Jumamosi tunakwenda wote Kyela. Baiskeli hainunuliwi na mtu anayetaka kuipenda."

Muuzaji alikuwa na kibanda chake Kyela mjini, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga. Baiskeli za mtumba zilizokuja kwa meli zilikuwa zimepangwa mpaka kwenye mtaro, magurudumu mazito yenye meno, breki za kila aina, nyingine zikiwa bado na stika za maandishi nisiyoweza kuyasoma. Mzee alikuwa ametangulia. Mimi nilisimama upande wa pili wa magunia ya mpunga yaliyosubiri mashine, nisionekane, vumbi la pumba likinitua kwenye kope. Hivyo ndivyo nilivyonunua baiskeli yangu ya kwanza: kwa masikio, kupita gunia.

Muuzaji, kijana mcheshi wa pwani aliyeoa Kyela, alikuja mbio.

"Dada, mzee anauliza unataka ya kazi gani."

"Ya kupanda mlima. Anajua!"

Akaenda, akarudi. "Anasema anajua, alitaka kuona kama wewe unajua."

Nisiwe mchoyo wa sifa. Kwa mambo mengi mzee alikuwa sahihi. Alikataa ile iliyonivutia tangu mbali, nyekundu, yenye shokapu mbele na nyuma. Aliibonyeza siti ikashuka na kuguna, akaiacha. Alikataa mpya ya bei rahisi, akisema ni nzito kama kitanda na chuma chake ni cha sufuria. Alizungusha kila ringi akiangalia kama linayumba, akabana breki na kuisukuma baiskeli kwa kifua, akapitisha kucha kwenye meno ya cheni. Hata gia alizikagua, kwa uso wa mtu anayekagua choo cha mwenzake, kama muuzaji alivyonisimulia. Mwisho akabaki na mbili zilizofanana kwa kila kitu, za kijani iliyofifia, chuma imara, bila mbwembwe. Moja ndefu, moja fupi.

Muuzaji akaja tena, safari hii akiangua kicheko kabla hajafika.

"Dada, mambo. Nimemwambia, mzee, mwache mwenyewe ajaribu. Kasema, atajaribuje nami nipo? Nikamwambia, basi sogea kidogo kule kwenye chai. Kasema, nikisogea utamuuzia takataka."

"Chukua ile fupi. Mwambie fupi."

"Nimeshamwambia! Kaniuliza, wewe umempima mkwe wangu? Nikasema, nimemwona tu, mzee, si yule pale. Dada, nusura anipige na pampu."

"Sasa anataka nini?"

"Anasema wewe ni mrefu kama mke wake."

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa kuanua dagaa juu ya paa bila kupanda ngazi. Akisimama mlangoni, mlango unainama. Mimi nikisimama kando yake, watu hudhani nimekaa.

"Siyo!" nilipiga kelele, na mashine ya kukoboa ikaimeza kelele yangu. "Mwambie siyo! Mwambie ninafika hapa!" Nikamwonyesha kwa mkono.

Akaenda. Alirudi taratibu, bila kicheko.

"Anasema wafanyabiashara wote tuko hivyo, tukiwa na kitu kimekaa sana dukani tunakitafutia mtu. Anasema nisimfundishe watu wa nyumbani kwake."

Na nyuma yake nikaona, kati ya gunia na gunia, ile ndefu ikitolewa nje.

Nifafanue kwa asiyepanda baiskeli. Siti unaweza kuishusha, nami niliishusha mpaka mwisho. Lakini bomba la juu la fremu halishushwi. Ukisimama, linapaswa kuwa chini yako na nafasi ibaki. Langu lilikuwa limenitangulia. Nikikanyaga pedeli, mguu ulioshuka ulinyooka kama wa mchezaji ngoma na bado ulibaki ukitafuta. Kwenda, nilikwenda. Gia zilikuwa nzuri, breki nzuri, ile baiskeli ilipanda mlima kama mbuzi. Tatizo lilikuwa kusimama. Miguu yangu haikufika chini. Nilijifunza kila kisiki cha kakao, kila jiwe la ukingoni, kila tuta lenye kimo cha kunipokea kati ya nyumbani na shuleni. Nikifika mahali pasipo na kisiki, nilianguka kwa kuchagua upande.

Nilimwomba mama mkwe apeleke ujumbe. Aliacha kutwanga mpunga, akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu, nimwambie mume wangu hakuona vizuri? Hakuangalia kabisa. Ndiyo heshima yenyewe."

"Lakini miguu haifiki, Mama."

"Vaa viatu virefu."

Nilimpigia mume wangu. "Vumilia," alisema, na lori likisikika likipanda mlima mahali fulani huko kwenye baridi. "Ni baba yule. Amejitahidi." Nikakata simu. Kila mtu alikuwa amejitahidi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na magoti yaliyochubuka.

Mzee mwenyewe alifurahi kupita kiasi. Jioni nilimsikia akiwaeleza wazee wenzake namna alivyomshinda muuzaji ujanja. Alikuwa akiipangusa baiskeli yangu nikiwa ndani, akaifungia keria kubwa nyuma, nami sikuiomba, ikawa nzito zaidi. Nilipochelewa tena kwa sababu ya kuanguka, mwalimu mkuu aliuangalia mkono wangu uliofungwa kitambaa, akasema kwa upole wake, "Jumatatu, Mwalimu. Nikikukosa kengele ya kwanza Jumatatu, nitamwita yule kijana."

Jumatatu hiyo niliondoka mapema. Mvua ilikuwa imetoka kupita, na milima ya ng'ambo ya ziwa ilikuwa imesogea karibu kama inavyofanya ikioshwa. Mpunga ulikuwa umeanza kunukia. Njia yetu ya kutokea barabarani ni tuta jembamba katikati ya majaruba, maji huku na maji kule, na akina mama walikuwa wameshainama kupalilia. Nilikuwa nimeshika kasi, na moyo wangu, kwa mara ya kwanza tangu ninunue chombo kile, ulikuwa mwepesi.

Ndipo ilipotokea kofia ya pama, mbele, ikija. Alikuwa amejitwisha mzigo wa majani ya ng'ombe, ameinama, hakuniona, na wala hakukohoa kwa sababu hakutegemea kukutana na mtu.

Mwiko unasema nimpishe njia kabla hajanifikia. Baiskeli ilisema nitasimama kwenye kisiki. Hapakuwa na kisiki. Nikabana breki, na breki zake, kwa sifa ya aliyezichagua, zilishika. Mimi sikushika. Niliteremka pamoja na baiskeli, keria na madaftari ya kidato cha pili, mpaka katikati ya jaruba la watu.

Nilipotoa uso majini nilimwona amesimama tutani, amenipa mgongo kama inavyopasa, mzigo wa majani ukiwa bado kichwani. Alikuwa akizungumza na milima.

"Ameumia?" aliuliza.

Mama mmoja kati ya wapalizi akainuka, mkono kiunoni, matope mpaka magotini.

"Tata, unamwuliza nani? Sisi siyo waganga!"

"Nauliza kama ameumia."

"Basi mwulize mwenyewe! Si huyo hapo, majini! Au unataka nimtume samaki?"

Wengine wakacheka. Mmoja akasema apite tu, watanitoa wao. Mwingine akasema atapitaje naye kamjaza mtoto wa watu matope. Mzee aliendelea kusimama, na nikaiona ile shingo ninayoijua ikifanya kitu nisichokijua, ikisita, ikiinama, ikisita tena. Jua lilikuwa linapanda. Kule mlimani nilijua kengele inakaribia, na nikaanza kulia, kwa sauti, kama Lusajo, bila kujali nani ananisikia.

Alitua mzigo. Akageuka.

Alishuka majini na viatu vyake, akainyanyua baiskeli akaisimamisha tutani, akaishika usukani, akaniangalia nikipanda kutoka jarubani na kusimama kando yake. Macho yake yalikwenda kwenye siti, yakaja kwangu, yakarudi kwenye lile bomba la juu, yakaja tena kwangu, yakashuka taratibu kutoka utosini mpaka miguuni, na safari ile haikuwa ndefu.

"Kumbe!" alisema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

"Kengele saa ngapi?"

"Imekaribia, Baba. Leo nikichelewa wananiondoa."

"Panda."

Aliishika siti kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, akaituliza kama watu wanavyomtuliza ng'ombe wa kukamuliwa, nami nikapanda nikiwa nachuruzika maji. Kisha akasukuma. Akasukuma akitembea, halafu akikimbia, mzee wa usharika, juu ya tuta lile jembamba, mbele ya wanawake wote wa bonde waliokuwa wamesimama na majembe yao wakipiga vigelegele. Na hata hapo hakunyamaza. "Usishike ya mbele! Angalia mbali, siyo kwenye gurudumu! Usiguse hizo gia, nimekwambia, kanyaga tu!" Ilikuwa hotuba nzima, bila kupunguzwa, ikinijia sikioni na pumzi zake, na niliichukia kila sentensi na sikutaka iishe.

Aliniachia barabarani. Nilipoanza mlima niligusa gia. Nilifika kengele ikiwa inalia, nikaingia darasani na matope yangu, na mwalimu mkuu akaniangalia kupitia dirishani akaenda zake.

Jioni kikohozi kilikuwa palepale, nami nikanyanyuka na ungo wangu nikaenda nyuma ya jiko. Nilisikia mama mkwe akitumwa: "Mwambie mama yake Lusajo yule muuzaji ni tapeli, alinipa iliyorefushwa." Niliendelea kupepeta.

Jumamosi alikwenda Kyela peke yake akiisukuma baiskeli kwa miguu, akarudi na ile fupi, ambayo ninayo mpaka leo. Yaliyopita kule nilikuja kuyapata kwa muuzaji mwenyewe nilipokwenda kununua mpira wa ndani. Alisema mzee aliingia dukani bila salamu, akaiegemeza ile ndefu ukutani, na muuzaji alipomwuliza kwa woga safari hii anataka ya kimo gani, hakumtaja mke wake wala mtu mwingine. Alinyoosha kiganja hewani, chini kidogo ya bega lake, akakiacha pale, kimetulia.

"Anaishia hapa," alisema. "Nimemwona."